Tunapima gunia, hatupimi mafuta

Mafuta ya kula yakipanda bei, Dar nzima inageuka mtaalamu wa bandari. Kila kijiwe kinajua meli ipi imechelewa na ushuru umeongezwa kiasi gani. Mwaka 2022, Indonesia ilipozuia mafuta yake ya mawese yasiuzwe nje kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, mazungumzo yalikuwa hayo hayo kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Sibishi, bandari ina mambo yake. Ila nchi inayohitaji zaidi ya tani 500,000 za mafuta kwa mwaka na kuzalisha chini ya nusu yake ilipaswa kuuliza pia kuna nini ndani ya mbegu ya alizeti inayotoka Singida na Dodoma.

Jibu tunalopewa kila msimu ni eka zaidi na mbegu bora. Vyote vizuri. Lakini gunia la alizeti linaweza kujaa mpaka lumbesa na mafuta yakawa haba, na hapo ndipo joto na lishe ya mmea vinapoingia.

Ua la alizeti hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati, kwa muda wa wiki moja hivi. Jua likiwa kali kupita kiasi siku hizo, chavua hudhoofika, na nyuki nao huacha maua wakaenda kutafuta maji. Mbegu za katikati ndizo huumia zaidi, kwa sababu zinachanua mwisho na chakula kinazifikia mwisho. Kichwa utakiona kimenona pembeni, ukifikicha katikati kwa kidole gumba yanatoka mapepe matupu.

Hata mbegu iliyotunga haijapona. Ganda hutangulia kukua, kiini kinafuata, na mafuta hukaa kwenye kiini. Joto likizidi, mmea huharakisha kukomaa na siku za kujaza kiini zinapungua, huku usiku wa joto ukiteketeza sehemu ya chakula kilichotengenezwa mchana. Matokeo yake ni ganda la kawaida lenye kiini kilichosinyaa. Kwenye debe inajaza vizuri tu. Kwenye mashine ya kukamua ndipo unapoachiwa mlima wa mashudu na dumu lisilojaa.

Mtu ataniambia Singida si Dar, kule juu kuna ubaridi. Kweli. Shida ni pale mvua inapokata katikati ya msimu. Mmea hujipoza kwa kutoa maji kupitia majani. Udongo ukikauka, jani linakuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hakitakuonyesha hilo.

Sasa njoo kwenye mbolea, maana hapa ndipo ninapokasirika. Wakulima wengi hawaweki kitu, na anayeweka hupewa mazungumzo ya DAP, mbolea ya kupandia, na urea basi. Kirutubisho cha urea ni naitrojeni tu, asilimia 46. Ikizidi, alizeti inakuwa ndefu, inachelewa kukomaa, protini kwenye mbegu inapanda na asilimia ya mafuta inashuka. Mazao ya mafuta yanataka salfa, ambayo ipo kwenye SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia. Na salfa iliyomo kwenye mabua huwa tunaichoma wenyewe tunapoyawasha moto baada ya mavuno. Dalili si ngumu: upungufu wa naitrojeni huanza kwa majani ya chini kuwa njano, wa salfa huanza na machanga ya juu.

Halafu kuna boroni, kirutubisho ambacho mmea hukihitaji kidogo sana. Ikikosekana, kichwa kinapinda na mbegu hazijazi. Boroni husafiri na maji, kwa hiyo ukame ukiingia inaweza kuwemo ardhini na isiufikie mmea. Mkulima anadhani ameshindwa na jua peke yake, kumbe vimemkuta viwili kwa pamoja. Kunyunyizia kidogo kabla ya maua kunasaidia, lakini ikizidi ni sumu, hivyo bila kupima udongo tunabahatisha.

Joto halina ubaya mtupu, nikiri hilo kwa niaba ya wakaanga chipsi wa Sinza. Mbegu iliyojazwa kwenye joto huwa na asidi ya oleiki nyingi na linoleiki kidogo, ambazo ni asidi kuu mbili zinazounda mafuta ya alizeti, na mafuta ya namna hiyo huvumilia karai la moto muda mrefu zaidi kabla ya kuharibika. Tatizo ni kwamba yanakuwa machache.

Kwa nini mkulima ahangaike na salfa wakati mnunuzi anampa bei ile ile kwa gunia? Hapo ndipo pa kuanzia. Vipo vifaa vinavyosoma asilimia ya mafuta kwenye mbegu nzima ndani ya dakika chache bila kuikamua. Ufuta wa Lindi na Mtwara tayari unakusanywa ghalani na kuuzwa mnadani. Alizeti nayo ipite kwenye mizani, ipimwe unyevu, takataka na mafuta, na asilimia iandikwe kwenye risiti ya mkulima pembeni ya kilo zake. Wenye viwanda wasisubiri serikali iwanunulie kifaa. Wakilipa nyongeza kwa mbegu yenye mafuta mengi, mwenye duka la pembejeo ataleta SA msimu unaofuata bila kuhimizwa na mtu.