Tusiwaharakishe watafiti wa povu la kuziba mirija

Habari inasema povu la dawa iitwayo polidokanoli linajaribiwa kwa nyani ili kuziba mirija ya uzazi bila upasuaji, na wengi hapa mnauliza wanawake wasubiri hadi lini. Jamani, haraka ya namna hii tulishaiona. Tembe za kwinakrini, dawa ya zamani ya malaria, ziliwekwa ndani ya mji wa mimba wa wanawake zaidi ya 31,000 Vietnam peke yake, kati ya 1989 na 1993, ili kuziba mirija yao, vipimo vya sumu kwa wanyama vikiwa havijakamilika. Mwaka 1994 WHO ikataka majaribio kwa binadamu yasiendelee. India ikapiga marufuku 1998. Baadaye sana ndipo utafiti wa panya ulipoonyesha uvimbe wa viungo vya uzazi ukiongezeka dozi inapopanda. Wale wanawake walistahili kulijua hilo kwanza!

Povu hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, likaharibu utando wa ndani wa mrija, na kovu ndilo linaloziba. Kovu likiziba nusunusu ni balaa: mbegu hupenya, yai lililorutubishwa hukwama, mimba hutunga nje ya kizazi. Ndiyo maana mirija ya nyani hukatwa vipande vyembamba na kukaguliwa kwa hadubini. Polidokanoli hutibu mishipa ya miguu iliyovimba, hilo linanipa matumaini, ila mguu si kizazi.

Mwandishi, tafadhali tuambie nyani hao walifuatiliwa muda gani, na kama kuna ambao mirija yao ilizibuka tena.