Bima imfuate mstaafu, au mstaafu aifuate bima?

"Bibi, makazi yako ni wapi?" kijana wa mapokezi alimuuliza mama yangu mdogo, kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Mafinga.

"Ya mwezi huu au ya mwezi ujao?"

Kijana akacheka, akaandika kitu. Sikuona aliandika nini. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake tu, lakini swali lile niliondoka nalo.

Mama mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alifundisha Mbarali mpaka alipotimiza miaka 60, akaipangisha nyumba yake ya Rujewa, akaanza kuzunguka. Miezi kadhaa yuko Uyole, mjini Mbeya, kwa mtoto wa kwanza, kisha Mafinga kwa binti, kisha Dodoma kwa kitindamimba. Juni na Julai, baridi ya Uyole inapoanza kuuma mifupa, anashuka Kyela kwa dada yake. Usije ukadhani ametupwa. Ana wajukuu saba katika mikoa mitatu, kodi ya nyumba inalipa nauli, na mwenyewe anasema kukaa sehemu moja kunamzeesha.

Wastaafu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyokiri. Tukiwazungumzia, mazungumzo yote huishia kwenye kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya pensheni, na si ajabu, maana malipo ya mkupuo yalipotoka asilimia 33 kwenda 40 mwaka 2024 kwa waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, kila kijiwe kilikuwa na mtaalamu wake. Matibabu ya mtu asiyekaa mahali pamoja hayapati kijiwe.

Hoja iko hivi. Tuna bima za aina mbili ambazo zimejengwa juu ya mawazo mawili tofauti kuhusu mtu ni nani. Ya kwanza inamtambua kwa kazi aliyoifanya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao wote tunauita NHIF, ulianza mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali: mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Akistaafu, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Kadi hiyo haiulizi unalala wapi. Mama mdogo ameitumia Mbeya, Iringa na Dodoma, na mara moja Kyela alipoumwa malaria. Kila palipo na kituo kilichosajiliwa na mfuko, ametibiwa.

Ya pili inamtambua mtu kwa kaya yake. Mfuko wa Afya ya Jamii, ile CHF iliyoboreshwa, ulikuja na mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Bei hiyo ilikuwa rahisi kuliko mbuzi. Lakini fedha zake zinakusanywa ngazi ya mkoa, na vituo vinalipwa kutoka huko huko, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mpango mzima unadhani kwamba mwanachama ataamka kesho alipoamka leo.

Sasa chukua basi la asubuhi kutoka Mbeya kwenda Iringa. Ukishaipita Igawa umetoka Mbeya. Makambako uko Njombe. Kabla hujafika Mafinga umeingia Iringa. Mikoa mitatu kwa safari ya siku moja, na hujala hata mahindi ya kuchoma mawili. Mwalimu mstaafu haihisi hiyo mipaka, ila dereva wa lori mstaafu, fundi, mama lishe na mkulima wa chai wa Rungwe wanaihisi. Tofauti yao na mwalimu si umri wala ugonjwa. Ni karatasi ya ajira ya miaka thelathini iliyopita.

Nilipokuwa nadhani hili ni tatizo letu la umaskini, nilikutana na wazee wawili Wamarekani, mume na mke, kwenye kambi ya mahema kando ya barabara kuu kusini mwa Iringa. Wameuza nyumba yao, wanaishi ndani ya gari kubwa mwaka mzima. Nikawauliza habari za matibabu, wakacheka kicheko kile kile cha kijana wa mapokezi. Kwao, aliyefika miaka 65 anapata Medicare, bima ya afya ya serikali. Ile ya asili, inayotolewa na serikali yenyewe, anatibiwa nayo jimbo lolote kwa daktari yeyote anayeipokea. Ila wengi huchukua ile inayoendeshwa na kampuni, Medicare Advantage, kwa sababu ina nyongeza nyingi, na hiyo imefungwa kwenye eneo: ukikaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita, mara nyingi unatolewa. Ambaye hajafika 65 ana kazi zaidi, maana bima yake inategemea anwani. Ndiyo maana wanaoishi safarini wanajitafutia jimbo la kwenye karatasi. South Dakota imejulikana kwa miaka mingi kwa kumpa leseni ya udereva msafiri mwenye anwani ya kupokelea barua na risiti ya kulala hapo usiku mmoja. Usiku mmoja! Na wakishavuka bahari, Medicare karibu haiwasaidii kabisa, kwa hiyo wamenunua bima ya safari yenye ndege ya kumbeba mgonjwa.

Kwa hiyo hata penye fedha swali ni lile lile. Limevaa koti zuri tu.

Wanaotetea bima iliyofungwa mahali wana hoja nzito kuliko ninavyopenda. Kwanza ni hesabu. Kama wazee wa Makete, mkoani Njombe, wote wakitibiwa Mbeya, zahanati za Makete zitabaki na michango bila wagonjwa, au Mbeya itabaki na wagonjwa bila michango, na hakuna mhasibu atakayefurahi. Pili ni ngazi ya rufaa. Zahanati ipo ili ichuje, ili Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya isijazwe na watu wenye mafua. Anayehama hama huirukia ngazi bila hata kukusudia, maana hospitali kubwa ndiyo anayoijua akiwa mgeni mjini.

Hoja ya tatu sikuielewa mpaka iliponigonga nyumbani.

Mama mdogo ana presha. Kliniki yake Mbeya walimwanzishia amlodipini. Dodoma, miezi minne baadaye, vidonge vilikuwa vimemwishia na hakubeba hata boksi tupu, akaenda hospitali moja, daktari akampima, akakuta presha imepanda, akamwandikia nifedipini. Aliporudi Uyole akapewa tena zile za kwanza. Yeye, mtu wa nidhamu, akameza zote, kila moja kwa saa yake. Miguu ikavimba mpaka ndala zikakataa kuingia. Ndipo muuguzi mmoja akamwambia atoe kila kidonge kilichomo kwenye mkoba, akavipanga mezani kama karata, akatenga pakiti mbili: "Mama, hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja."

Kadi ya bima ililipia zote mbili. Ilifanya kazi vizuri kabisa kila mahali alipoitoa, na hapo ndipo penye jambo. Malipo yalimfuata mama mdogo mikoa mitatu, faili lake halikutoka hata kabatini. Daktari wa Dodoma hakukosea. Aliona mzee mgeni mwenye presha ya juu na hana karatasi. Mzee angekuwa amefungwa na kituo kimoja, kama watetezi wa ngazi wanavyotaka, daftari lake lingekuwa kwa watu wanaomjua, na miguu isingevimba.

Hata hivyo sikubali kwamba dawa yake ni kumkalisha mzee. Nyanda za juu hizi watu wamesafirisha magonjwa yao siku zote. Waulize Ikonda, huko juu Makete, hospitali ya wamisionari Wakatoliki wa Konsolata iliyoko mbali na kila kitu, ambako wagonjwa wanafika na mablanketi kutoka mikoa isiyopakana hata na Njombe. Hakuna aliyewalazimisha. Walisikia wanatibiwa vizuri, wakaenda. Bima inayojifanya kwamba mtu hutibiwa jirani na kwake imeandikwa na mtu asiyewajua watu hawa.

Na huo uhuru wa kadi nao usisifiwe kupita kiasi. Mwezi Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF, yaani orodha ya huduma inazolipia na bei zake, kilipoanza kutumika, hospitali binafsi zilizopinga bei hizo zilisitisha kwa siku kadhaa kuwapokea wanachama. Mwenyeji wa mji aliyekwama anajua hospitali ya serikali iko mtaa gani na muuguzi gani ni jirani yake. Mgeni aliyeshuka jana stendi ya Nanenane anajua ile aliyoelekezwa na bodaboda. Kadi inayokubalika kila mahali ni mikataba na kila mahali, na mkataba ukilegea, wa kwanza kuumia ni asiye na pa kurudi.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hudhani utamfaa mzee: msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure, na madirisha ya wazee tunayaona hospitalini. Ila anayethibitisha kwamba huna uwezo ni serikali ya kijiji au mtaa. Mwenyekiti wa mtaa wa Mwanjelwa atamwandikiaje barua mzee aliyemwona wiki mbili, ambaye kijijini kwake Ileje ana shamba? Simlaumu. Ningekuwa mimi ningeogopa pia. Bima binafsi nazo, kwa mwenye kiinua mgongo cha kueleweka, nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga, na ukiingia unakuta ada inapanda kila unapoongeza mwaka.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Nimeisikia ikisifiwa kwa kutaka kila mkazi awe na bima, na kulaumiwa kwa kutaka kila mkazi alipe. Mimi naitazama kwa jicho la mama mdogo: mchango wa asiye na ajira rasmi bado unahesabiwa kwa kaya. Mstaafu mjane anayehama ni kaya ya nani? Akiandikwa kwa mtoto wa Uyole, anaila nafasi ya mjukuu. Akiwa kaya yake peke yake, analipia viti sita akae kimoja. Nikiulizwa, ningesema mstaafu asiye na ajira ya serikali nyuma yake apewe uanachama wa mtu mmoja, unaotambulika mkoa wowote, hata kama ada yake itazidi kidogo ile ya kugawana na kaya. Na ningesema asipewe bure: masharti yawe kuchagua kituo kimoja kinachoshika faili lake, ambako anarudi walau mara mbili kwa mwaka. Kwingine atibiwe, lakini taarifa zirudi huko. Hapo wale wa ngazi ya rufaa watapata chujio lao, na mzee atapata barabara yake. Nitaambiwa mifumo ya kompyuta ya hospitali zetu haisalimiani. Ni kweli. Ila simu ya mzee inapokea meseji ya pensheni hata akiwa Kyela, sioni kwa nini isipokee orodha ya vidonge vyake.

Kwa sasa sisi tumenunua daftari. Daftari la kawaida la mistari, nimelivika jalada la nailoni. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina, namba ya kadi, kliniki ya Mbeya, magonjwa, dawa na vipimo vyake. Kila daktari anaombwa aandike mstari mmoja. Wapo wanaoandika vizuri, wapo wanaogoma, na yupo aliyeandika kwa mwandiko ambao muuguzi wa Uyole alisema labda ni Kichina. Lakini dawa mbili za ukoo mmoja hazijarudi.

Daftari hilo halimsaidii mjomba. Yeye aliendesha malori ya watu binafsi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, matajiri wake hawakumkatia kitu, na baada ya kuacha usukani akabaki na tabia ya barabara: miezi kadhaa Tunduma kwa mwanawe mwenye duka, miezi kadhaa Tukuyu kwenye migomba yake. CHF alikatia Tukuyu, kwa sababu ndiko mtendaji wa kijiji anamjua. Zamani Tunduma na Tukuyu zilikuwa mkoa mmoja. Tangu Songwe ilipokuwa mkoa mwaka 2016 na kuichukua Tunduma, haziko tena mkoa mmoja.

Mwaka juzi kifua kilimbana akiwa Tunduma. Hakutaka kubahatisha na kadi ya mkoa mwingine, wala kumtoza mwanawe. Akajifunga blanketi, akapanda gari la alfajiri. Akaipita hospitali ya Vwawa. Akaipita ya Ifisi, pale Mbalizi. Akaipita Mbeya mjini na hospitali zake zote, akabadilisha gari Uyole, akakohoa mpaka konda akamfungulia dirisha. Saa saba mchana alikuwa hospitali ya Makandana, Tukuyu, kadi mkononi, anaulizwa mapokezi makazi yake ni wapi.

"Hapa hapa," akasema.