Kazi ya ndege Ghuba: ninachowaambia mabinti wa Tanga

Kila nikirudi likizo Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, hawakosekani mama wawili watatu wanaoniletea binti zao. "Mwanangu, mweleze mdogo wako naye aipate hiyo kazi ya ndege." Binti kamaliza shule, Kiingereza anakimudu, urefu anao. Nakaa nao mkekani, lakini wageni ni wengi na mazungumzo hayafiki mbali. Basi leo naandika kwa kirefu. Mimi ni mhudumu wa ndege katika shirika moja kubwa la Falme za Kiarabu, na maoni yangu ni kwamba kazi hii ni njema, anayeipata aje. Ila ajue kuwa karibu kila jema lake limefungwa kwenye mkataba mmoja, na siku mkataba ukikatika vyote huondoka kwa pamoja.

Fedha zipo, sitawaficha. Mshahara hapa haukatwi kodi ya mapato, wakati nyumbani mwenye kipato kizuri hukatwa hadi asilimia 30 kwenye ngazi ya juu. Nyumba ni ya mwajiri, gari la kazini linakufuata mlangoni, bima ya afya ipo. Mtu asiye na tamaa ya maduka anaweza kuweka akiba ya maana. Nyumba ya mama kule Kange imesimama kwa kazi hii, na kila ninapoiona namshukuru Mungu.

Lakini mshahara wenyewe una vipande. Kuna ule wa msingi, kisha malipo ya saa za kuruka, kisha posho ya kulala safarini. Ukiugua, au ratiba ikija na safari chache, vipande viwili vya mwisho vinanyauka. Mwaka 2020 ndege zilipolazwa chini kwa korona, mashirika makubwa duniani yaliachisha kazi maelfu ya watu. Kwetu sisi wageni kuachishwa kazi ni kuhama nchi, maana kibali cha ukaazi, chumba na bima vyote viko chini ya mwajiri yule yule. Niliwaona wenzangu wakigawa vyombo vyao kwa majirani, wengine wana mikopo ya benki bado.

Na kiinua mgongo? Sheria ya huku inampa mgeni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Hesabu inapigwa kwa mshahara wa msingi pekee, zile saa za kuruka hazimo. Nyumbani NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea asilimia 20 ya mshahara wako, na mwajiri hawezi kukutwisha zaidi ya nusu yake. Nyumbani kuna chama cha wafanyakazi, huku hakuna. Likizo ya uzazi nyumbani ni siku 84. Huku sheria inatoa siku 60, na zenye mshahara kamili ni 45. Mabinti hawaniulizi mambo haya kwa sababu wana miaka ishirini na kitu. Mama zao ndio wangepaswa kuuliza.

Wanachoniuliza wote ni tiketi. Tanga nzima inaamini kwamba mimi napanda ndege bure muda wowote nitakao, na mjomba amewahi kununa mwezi mzima kwa kuwa sikumpeleka Umra "kwa tiketi za kazini". Tiketi zetu ni za bei ya chini sana, hilo ni kweli, lakini ni za kusubiri nafasi. Abiria aliyelipa nauli kamili akiingia, wewe unabaki uwanjani na begi lako. Karibu na Idi, Desemba, shule zikifungwa, ndege ya Dar imejaa hadi kiti cha mwisho.

Shangazi yangu alipofariki nilikuwa safarini, upande mwingine wa dunia. Kwetu maiti hawekwi. Kama ni alfajiri, alasiri keshazikwa. Nilirudi Ghuba kituoni kwetu nikapata ruhusa, nikakosa kiti, nikapata cha siku iliyofuata. Kutoka Ghuba hadi Dar ni saa tano na ushee angani, halafu basi la Tanga, kilomita kama 350, nalo linakula saa karibu zile zile. Nilifika hitma imekwisha. Hakuna aliyenikosea. Ndivyo kazi ilivyo, na hakuna posho inayolipa hilo.

Mwili nao unadai. Hewa ndani ya ndege nyingi angani huwa nyembamba kama ya mtu aliye kwenye mlima wa hadi karibu mita 2,400, na Lushoto mjini ni kama mita 1,400 tu. Tena ni kavu mno. Unalala mchana, unakula usiku wa manane, na hedhi inapoteza tarehe.

Kuna jambo ambalo wazazi wa Tanga huniuliza kwa kunong'ona: pombe. Ndiyo, utawamiminia abiria, ni sehemu ya kazi. Ambaye dhamiri yake haimruhusu asijilazimishe. Shirika kubwa lina kazi nyingi za ardhini, nje ya ndege: ufundi wa ndege, mizigo, uhasibu, kaunta za abiria.

Ninachokipenda zaidi hakipigwi picha. Tumefunzwa kuzima moto, kuamsha moyo uliosimama, kuzalisha, na kutoa watu ndani ya ndege upesi. Ndege kubwa haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba abiria wote wanatoka ndani ya sekunde 90 kwa nusu ya milango. Chai na mto ni nyongeza tu. Halafu wapo dada zetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, safari ya kwanza, hawajui mkanda unafungwaje na wanaona haya kuuliza choo. Nikiwasalimia Kiswahili nyuso zao hubadilika pale pale. Kwa ajili yao peke yao ningeifanya kazi hii.

Sasa, jirani yetu mmoja ana binti aliyeajiriwa na shirika la nyumbani Tanzania. Mshahara ni mdogo kuliko wangu, kodi anakatwa, NSSF anakatwa. Mama yake ananisimulia kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Kwa nini aombe radhi? Mashirika ya nyumbani nayo yanakua: Air Tanzania ilifufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za mapangaboi, na kufikia Julai 2018 ilikuwa na Boeing 787. Binti yule anajifunza kazi ile ile ninayoifanya mimi, na msiba ukitokea yuko umbali wa basi moja.

Atakayekuja huku namkaribisha kwa moyo wote. Kwanza asome kwenye mkataba mshahara wa msingi ni kiasi gani bila posho, akipata ujauzito atapangiwa wapi, na akiachishwa atapewa siku ngapi za kuhama chumba. Na hiyo nyumba ya mama aianze mwaka wa kwanza.