Lugha ya kigeni sekondari: uendelee nayo au uiache?

Somo la lugha likishaacha kuwa la lazima, inakuja fomu ya kuchagua masomo, na nayo swali: niendelee na Kifaransa au niachane nacho? Mzazi hujibu kwa mazoea kwamba lugha ni mtaji, endelea. Rafiki naye ana jibu lake: simu inatafsiri, ya nini kujitesa? Wote wawili hawajapiga hesabu.

Tuipige. Vipindi vitatu kwa wiki vya dakika 40 ni saa mbili. Kwa wiki 35 za masomo ni saa 70 kwa mwaka, yaani saa 280 kwa miaka minne, na hapo tumechukulia hakuna aliyeugua wala mwalimu aliyekwenda semina. Chuo cha serikali ya Marekani kinachowafundisha wanadiplomasia lugha kinakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 600 hadi 750 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kifaransa, na saa 2,200 kwa Kichina au Kiarabu. (Kiswahili chetu kimepangiwa kama saa 900, kwa hiyo tupunguze kujisifu kuwa ni lugha rahisi.) Na hao ni watu wazima wanaosoma karibu kutwa nzima. Anayemwahidi mtoto kwamba akimaliza sekondari atakuwa mkalimani anamdanganya, hata kama ni kwa nia njema.

Kwa hiyo hoja ya kuacha si uvivu. Mwanafunzi anayetaka udaktari huku kemia ikimpiga chenga ana haki ya kuuliza saa hizo 70 za mwaka, pamoja na za kazi ya nyumbani, zingemfaa wapi zaidi. Alama mbaya ya lugha inaweza pia kumshushia wastani wakati wa kuomba chuo. Hoja ya simu hainishawishi sana. Simu itakusomea bango na barua, lakini mezani, wenzako wakitaniana, hadi uitoe mfukoni wameshacheka na kuhamia habari nyingine.

Upande wa kuendelea, hoja nzito kwangu ni ya kumbukumbu. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Harry Bahrick alichapisha utafiti kuhusu watu waliowahi kusoma Kihispania shuleni na vyuoni Marekani, wengine wakiwa wamekiacha miaka 50 nyuma. Sehemu kubwa ya usahaulifu ilitokea katika miaka michache ya mwanzo. Baada ya hapo, kilichobaki kilidumu kwa miongo bila kupungua sana, na waliosoma kwa muda mrefu na kufaulu vizuri walibaki na kingi zaidi. Maana yake, kuacha mapema hakukuachii nusu ya lugha.

Mimi ni ushahidi. Niliacha Kifaransa baada ya miaka miwili, na hadi leo naweza kuimba je suis, tu es, il est (mimi ni, wewe ni, yeye ni) mpaka mwisho kama wimbo wa chekechea, lakini kuomba maji siwezi. Mwenzangu wa dawati aliendelea. Mwaka wa nne nilimkuta na kipande cha gazeti la Kifaransa, kamusi imefungwa, kidole kikitambaa chini ya mstari, mara akacheka peke yake. Sikuwa nimemwonea wivu kwa alama zake zote za hesabu. Siku hiyo nilimwonea.

Ndiyo maana naona mahali pabaya pa kuachia ni katikati, pale umeshalipa gharama ya vitenzi na jinsia za nomino na bado hujaanza kusoma kitu kwa raha. Mtoto apewe ukurasa mmoja wa hadithi nyepesi asiyowahi kuiona, bila kamusi. Akishika kisa, hata kama maneno kumi yamempita, amekaribia kuvuka, na kumtoa hapo ni hasara. Asipoambulia kitu baada ya miaka miwili ya kujitahidi, kemia iende mbele, na asisimangwe.

Ila kabla ya kumlaumu mtoto, litazamwe darasa. Kuna mwalimu anayefundisha lugha kwa lugha hiyo yenyewe, na kuna anayejaza ubao kanuni miaka minne bila mwanafunzi kufungua kinywa. Kabla ya kujaza fomu, mtoto aombe akae kwenye kipindi kimoja cha darasa la mbele yake, asikilize wanafunzi wenyewe wanazungumza kiasi gani.