Ngao Kwanza au Upanga Kwanza?

Lilipotoka toleo la tano la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons mwaka 2014, lilikuwa na sentensi moja kuhusu mpiganaji aliyebobea katika ngao. Maana yake ni hii: ukichukua hatua ya kushambulia katika zamu yako, unaweza kutumia hatua yako ya ziada kumsukuma kwa ngao adui aliye karibu. Sentensi fupi, maneno ya kila siku. Watu wamebishana juu yake kwa miaka.

Swali ni kama lazima upige kwanza ndipo usukume, au unaweza kusukuma kwanza maadamu umekusudia kupiga. Asiyecheza ataona huku ni kuhesabu nywele. Lakini adui akisukumwa akaanguka, anayempiga kwa karibu hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Ukianza na ngao, mapigo yako yote ya zamu ile yanapata nafuu hiyo. Ukimaliza na ngao, umewapikia wenzako na wewe umebaki na ukoko. Jeremy Crawford, aliyekuwa mbunifu mkuu wa kanuni za toleo hilo, mwaka 2015 alijibu kwamba kusukuma kwanza kunaruhusiwa. Mwaka 2018 akageuza: piga kwanza. Kitabu kilikuwa kilekile, sentensi ileile, na mwenye kitabu yuleyule.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye meza hii: watu wanne au watano wanaketi, kila mmoja na mhusika wake, mpiga upanga, mchawi, mwizi. Mmoja wao ni mwendesha mchezo. Yeye ndiye anayeieleza dunia, anawachezea maadui wote, na ndiye mwamuzi. Mchezaji anasema anachotaka kufanya, na pasipo uhakika wa matokeo dadu inarushwa. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mambo yanayoweza kutokea ni mengi mno, lakini yote yamo ndani ya ubao. Huku mchezaji anaweza kusema, "Naikata kamba ya ile taa kubwa imwangukie," na hakuna kitabu duniani kilichoorodhesha taa zote na kamba zake. Kwa hiyo kanuni za mapigano zitakuwa na mapengo hata ziandikwe vipi. Tunachobishania ni mapengo ya namna gani, na nani ayazibe.

Ubishi huu una umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824, ofisa mmoja wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, aitwaye von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia maofisa: ramani, vipande vya majeshi, dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi katikati. Ulisifiwa sana. Lakini kadiri miaka ilivyopita maofisa walilalamika kwamba majedwali yanaufanya mchezo ukokote miguu, na mwaka 1876 ofisa mwenzao, Verdy du Vernois, akapendekeza dadu na majedwali viwekwe kando, mwamuzi aliyeiona vita kwa macho yake aamue kwa uzoefu. Kambi zote mbili za leo zilikuwepo tayari: wanaotaka hukumu itoke kwenye karatasi, na wanaotaka itoke kwa mtu.

Mawazo hayo yalivuka bahari. Miaka ya 1960 huko Minneapolis na St. Paul, Marekani, mpenzi wa michezo ya vita David Wesely alichukua kutoka kitabu cha Kimarekani cha karne ya 19 wazo la mwamuzi mwenye mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo mchezaji atalijaribu. Dave Arneson alikuwa katika kundi lile. Yeye na Gary Gygax ndio waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi. Kwa mapigano, vijitabu vilimwelekeza msomaji kwenye kanuni nyingine za vita vya sanamu ndogo, Chainmail ya mwaka 1971, kisha vikampa njia mbadala ya kutumia dadu ya pande 20. Nani aanze kupiga? Hapakuwa na jibu la kushika mkononi. Na mwishoni waandishi walimsihi msomaji asiwaandikie barua za kuomba tafsiri ya kanuni ila akwame kabisa: amua unavyotaka iwe, kisha ifanye iwe hivyo.

Nayapenda sana maneno yale. Lakini haikupita miaka mingi kabla Gygax mwenyewe hajaona upande wa pili. Wachezaji walikuwa wameongezeka, na mashindano yalihusu timu zilizokaa meza tofauti zikilinganishwa kwa alama. Mwamuzi wa meza hii akiwa mpole na wa meza ile mkali, mshindi ameshindana na nini? Mwaka 1978 kikatoka kitabu cha wachezaji, na mwaka 1979 kitabu kinene cha waendesha mchezo. Raundi moja ya mapigano, ya dakika moja, ikagawanywa vipande kumi vya sekunde sita. Kila silaha ya mkononi ikapewa kiwango cha wepesi, kila uchawi muda wake wa kutamkwa. Kukabana kwa mikono kukapewa majedwali yake. Na matokeo? Kanuni za nani aanze zilitawanyika kurasa mbalimbali zikigongana zenyewe kwa zenyewe, hadi leo wapenzi wa toleo lile wanaandika nyaraka ndefu za kuzipatanisha. Maneno yaliongezeka, uwazi haukuongezeka.

Basi tusikubali haraka ile hoja kwamba dawa ya utata ni kuandika zaidi. Wala ile nyingine, kwamba utata ndio uhuru. Hiyo ya pili niliwahi kuiamini bila kuichunguza, mpaka usiku mmoja mezani kwangu.

Katika toleo la 2014 kuna uchawi unaomwezesha mtu kuwaona viumbe wasioonekana kana kwamba wanaonekana. Ni uchawi wa kulipia. Unatumia moja ya nafasi zako chache za kufanya uchawi, na hatua yako ya zamu hiyo. Mahali pengine, kwenye maelezo ya hali ya kutoonekana, kumeandikwa mambo mawili mbalimbali: kwanza, kiumbe huyo hawezi kuonekana pasipo uchawi au hisi maalumu, pili, anayemshambulia anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Jambo la pili halikufungwa kwa la kwanza. Halikusema "kama humwoni". Kijana aliyecheza mchawi alitumia nafasi yake ya mwisho kumfichua muuaji aliyekuwa akiwachinja wahusika mmoja mmoja. Zamu iliyofuata akamrushia mshale wa moto. Nikamwambia arushe mbili, achukue ndogo.

"Kaka, namwona au simwoni?"

"Unamwona."

"Sasa?"

Nikamsomea kitabu. Akarusha, akakosa, na mchawi wake akafa zamu iliyofuata. Baadaye nilikuta kwamba Crawford mwenyewe aliisoma kanuni ile kama nilivyoisoma mimi. Hainifariji. Yule kijana hakuuliza swali la kitabu. Aliuliza swali la dunia niliyokuwa nimemweleza kwa saa tatu, na jibu la dunia lilikuwa jepesi: unamwona, basi mpige. Mimi nililiacha jibu hilo nikashika sentensi iliyoandikwa vibaya.

Tangu siku hiyo nimeanza kutofautisha aina mbili za utata, na sidhani zinastahili kuitwa jina moja. Upo utata wa jambo: kamba ya taa ni nene kiasi gani, mafuta haya yatawaka kwenye ngazi zenye unyevu, jitu lenye miguu minne linaangushwaje. Hapa pengo linawarudisha watu kwenye chumba kile cha kubuni. Wanauliza, wanakitazama, wanakijaza. Na upo utata wa sentensi: shambulio maana yake nini, "kama" hii ni ya wakati au ya sharti. Hapa watu wanakiacha chumba na kuinamia ukurasa. Nikiwa mwendesha mchezo nayatazama macho ya wachezaji. Ubishi ukianza, yanakwenda wapi?

Kuchezesha kwa Kiswahili kumenisaidia kuiona tofauti hii, kwa sababu vitabu vyetu ni vya Kiingereza na mimi natafsiri papo kwa papo. Toleo la 2014 linatofautisha aina ya shambulio, yaani la silaha kwa karibu, na shambulio lililofanywa kwa kutumia silaha ya karibu. Ngumi inahesabiwa katika la kwanza na haimo katika la pili. Kuna nguvu za mhusika zinazofanya kazi na moja na kukataa nyingine. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili mezani: yote mawili yanakuwa shambulio la silaha ya karibu, na ile tofauti inamomonyoka mdomoni. Tofauti inayokufa ikibadilishwa lugha haikuwa ya mapigano. Ilikuwa ya mpangilio wa maneno.

Ile ya ngao nayo inaonyesha kinyume chake. Nikisema "ukishambulia, unaweza kusukuma", nimeurithi utata wa Kiingereza mzima mzima, maana -ki- yetu inabeba sharti na inabeba wakati. Lakini nikisema "ukishashambulia", nimemaliza kesi. Silabi moja. Sioni uhuru wowote ambao mchezaji angeupoteza kwa silabi hiyo, wala ubunifu ambao ungezimwa. Kwa hiyo wanaosema kila utata ni zawadi kwa mwendesha mchezo, nawauliza: zawadi gani ilikuwa mle, zaidi ya ugomvi?

Hata hivyo wana hoja, na ni nzito. Tazama kilichotokea walipojaribu uwazi kamili. Toleo la tatu la mwaka 2000 na marekebisho yake ya 2003 lilipanga kila kitu kwa mtiririko: kumkaba mtu kulihitaji hatua kadhaa, kila moja na dadu yake, na meza nyingi ziliacha kukabana kabisa kwa kuogopa kufungua ukurasa ule. Toleo la nne la 2008 likaenda mbali zaidi. Kila pigo lilikuwa na kisanduku chake: aina ya hatua, umbali kwa miraba, nani anaguswa, kinachotokea. Lilisomeka vizuri kuliko yote. Lakini mlipuko wa moto ukawa wa mraba, kwa kuwa mshazari ulihesabiwa sawa na mwendo wa kunyooka. Na lile dubwana la ute lenye umbo la mchemraba likawa linaweza kuangushwa chali, kwa kuwa kisanduku kilisema "aliyepigwa anaanguka" na hakikuuliza mchemraba una mgongo upande gani. Wengi waliondoka wakisema wanacheza miraba, hawachezi hadithi. Siwalaumu, ingawa toleo lile nimelifurahia na naona lilihukumiwa kwa ukali.

Kuna faida nyingine ya pengo isiyosemwa vya kutosha: linamkaribisha asiyesoma. Mgeni anaweza kuketi leo, akasema anachofanya kwa lugha yake ya kawaida, na akacheza vizuri. Mahali ambapo kila tendo lina kisanduku, mgeni husubiri aambiwe anaruhusiwa nini.

Lakini pengo lina bei, na bei hailipwi sawasawa. Hukumu ikitoka kwa mtu, mwenye ulimi mwepesi hupata zaidi. Nimekaa kwenye meza ambako swahiba wa mwendesha mchezo alikuwa akiangusha taa kila wiki, na dada mmoja mkimya akiomba jambo dogo kuliko hilo anaambiwa arushe dadu tatu mfululizo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kanuni iliyoandikwa wazi ni ngao ya mkimya: anaionyesha kwa kidole, na mwenye kelele hana la kuongeza. Wapenzi wa mtindo wa zamani, wanaotaka mwamuzi aamue na kitabu kikae pembeni, huzungumza kana kwamba kila mwamuzi ni hakimu mwadilifu. Verdy du Vernois alikuwa na maofisa waliopigana vita. Sisi tuna rafiki yetu mmoja, usiku, amechoka baada ya kazi.

Marekebisho ya mwaka 2024 yamegusa mengi kati ya haya. Ile hali ya kutoonekana sasa inasema kwamba anayeweza kukuona kwa njia yoyote haathiriwi na nafuu yako. Mchawi wa yule kijana angerusha dadu yake moja. Kusukuma kwa ngao sasa kunafuata pigo lililompata adui. Kesi mbili zimefungwa kwa maneno machache, na sijakutana na mtu anayelilia utata wake.

Halafu kitabu hichohicho kikafungua kesi mpya. Kujificha sasa ni dadu yenye lengo la 15 au zaidi, ukiwa gizani au nyuma ya kizuizi cha kutosha, mbali na macho ya adui. Ukifaulu unapata hali ya kutoonekana, na hali hiyo inakoma ukifanya kelele, ukishambulia, ukitamka uchawi, au adui akikupata. "Akikupata" ni nini? Wapo wanaosoma kwamba lazima adui arushe dadu na kuishinda yako, kwa hiyo mwizi aliyejificha nyuma ya pipa anaweza kutoka, akapita ukumbini mchana kweupe mbele ya walinzi, na maneno yakamlinda. Wengine wanasema macho ya mlinzi yanatosha.

Mezani kwangu hili tumelizungumza kabla ya mapigano, si katikati yake, na kila mtu amesema lake, pamoja na dada yule mkimya, ambaye sasa anacheza mwizi. Tumekubaliana hivi: akiwa nyuma ya pipa, dadu yake inamlinda. Akitoka, naeleza ukumbi, taa ziko wapi, walinzi wanatazama upande gani, na yeye ananiambia anapita wapi. Juzi alinijibu kwamba anasubiri mmoja wao ainame kufunga kamba ya kiatu. Sikuwa nimefikiria viatu vyao. Nikamwambia: ameinama, pita.