Futi ya fundi cherehani ingetosha

Mtoto wa dada yangu alipofikisha miezi miwili, majirani walianza kumwita Profesa. Kichwa kilikuwa kimeutangulia mwili, na sisi wajomba tukacheka nao. Dada hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akimnyonyesha na kuona mboni zimezama chini, weupe wa jicho umebaki juu, na utosi umetuna, umekaza kama mpira uliojazwa upepo. Baadaye tuliambiwa ni ugonjwa wa kichwa kikubwa, maji yanayojaa ndani ya kichwa.

Picha ya kadi yake ya kliniki ninayo kwenye simu hadi leo. Chanjo zote zimetiwa alama, uzito umeandikwa kila mwezi. Uzito ulikuwa unapanda vizuri tu, na dada alikuwa akipongezwa. Maji ya kichwani nayo yana uzito! Katika zahanati ile hakuna aliyewahi kuzungusha futi kichwani mwa mtoto.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kichwa cha sentimita 35 hivi, na katika miezi 3 ya mwanzo huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi. Kikikimbia zaidi ya hapo, huyo ni wa kuonwa na daktari. Wa kwetu alipimwa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 5, hospitali ya mkoa, na futi ikasoma 52. Daktari akauliza kwa upole, "Mama, mlichelewa wapi?" Dada akanyamaza. Angejibu nini, na kliniki hakukosa hata siku moja?

Tukapewa rufaa, tukapanda basi hadi Dar es Salaam, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Wakamwekea mrija unaotoa maji kichwani, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio na kushuka hadi tumboni. Mabingwa wale sina neno nao. Ila kila tukitamka huduma za kibingwa kwa watoto, tunawaza mashine mpya na kiongozi anayekata utepe. Mashine zije, sikatai. Lakini hakuna bingwa anayeweza kuurudisha ubongo uliobanwa na maji kwa miezi mitatu ukawa kama haukubanwa. Anazuia yanayokuja.

Na mrija una mambo yake. Huziba, hupata maambukizi. Mtoto akianza kutapika usiku huko kwetu Iramba, Singida, dada hajui kama ni malaria au ni mrija, na nauli ya Dar haisubiri mavuno. Ndiyo maana nawavulia kofia watu wa Mbale, Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani Benjamin Warf alianza kuingiza kamera nyembamba kichwani, akatoboa njia ya maji humo humo ndani na kuunguza tishu zinazoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Yule aliufikiria ubongo, akaifikiria na barabara ya kurudi kijijini. Huko huko ikaonekana kwamba watoto wengi maji yao yalianza baada ya maambukizi ya siku za uchanga. Tunarudi kule kule zahanati.

Mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na maji hayo, ndio unaoniuma zaidi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hata hawajashtuka. Vidonge vya foliki asidi, vitamini inayosaidia kuuzuia, anavyopewa akianza kliniki vinakuta kazi imeshakwisha. Kuna unga wa viwandani unaoongezwa virutubishi, foliki asidi ikiwemo, sawa, lakini kwetu tunasaga dona kwenye mashine ya jirani, na sioni tukiacha.

Profesa sasa ana miaka 4. Alichelewa kutembea, ila kwa maneno humuwezi. Dada alinunua futi sokoni, ile ya njano ya mafundi cherehani, kwa pesa ya soda. Inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akisikia kuna aliyejifungua, anaichukua anakwenda. Wapo wanaompokea na chai, wapo wanaomwambia anawatafutia watoto wao mikosi. Hao anawarudia mwezi unaofuata.