Amani Karume: jina la baba ndo lililofanya maridhiano yawezekane

Watu wakitaka kumshusha Amani Karume, rais wa Zanzibar toka 2000 mpaka 2010, wanasema urais alipewa kwa sababu ya baba yake, na mimi siwabishii. Jina lilimbeba. Ila ninachosema mimi ni kwamba jina lilelile lililompa kiti ndo lililomuwezesha kufanya jambo ambalo mtu mwengine yeyote wa CCM Zanzibar asingelithubutu, na kama angelithubutu wenzake wangemmaliza kabla hajafika popote.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 2000 Rais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour, "Komandoo" kama alivyoitwa, alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, kulikuwa na jitihada za kubadilisha katiba ili aendelee, zikagonga mwamba. Kwenye vikao vya CCM Zanzibar makao makuu Kisiwandui aliyekuwa mbele ni Dk. Mohamed Gharib Bilal, Waziri Kiongozi wakati huo, lakini mambo yalivofika Dodoma kwenye vikao vya CCM taifa likatoka jina la Karume. Amani hakuwa mtu wa majukwaa, alikuwa mtu wa maofisini, mtulivu, kapanda taratibu mpaka uwaziri. Ukimuuliza mtu wa mtaani mwaka ule huyu bwana anamjuaje, angekwambia ni mtoto wa Mzee Karume, basi.

Na jina lenyewe si jepesi jamani. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, kauliwa palepale Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, mwanawe ana miaka 23. Kuna wanaomkumbuka kwa ardhi na majumba ya Michenzani na matibabu ya bure, na kuna wanaomkumbuka kwa baba zao waliochukuliwa usiku wasirudi tena, na wote hao wanaishi kisiwa kimoja, wanapishana sokoni Darajani kila siku. Inasimuliwa kwamba hata afisa aliyempiga risasi alikuwa na kisasi cha baba yake mwenyewe aliyefia mikononi mwa serikali. Yani kisasi cha mtoto mmoja kumlipia baba ndo kikamuacha mtoto mwengine yatima. Mtu aliyetoka kwenye nyumba hiyo ungemtegemea awe na moyo mgumu.

Na mwanzo wake ulikuwa mgumu kweli, hapa sitaki kumpamba. Uchaguzi wa Oktoba 2000 uliharibika, majimbo 16 ya Mjini Magharibi yakarudiwa tarehe 5 Novemba, chama cha upinzani CUF wakasusia, Karume akaapishwa. Januari 2001, tarehe 26 na 27, watu wakatoka kudai uchaguzi mpya, risasi zikapigwa, Unguja na zaidi Pemba, wakafa zaidi ya 30. Watu kama 2,000 wakapanda madau na ngalawa wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake ikatoa wakimbizi wake kwa mara ya kwanza. Wanaomtetea wanasema polisi ni wa Muungano, amri haikutoka kwake. Sawa, polisi ni wa Muungano, lakini rais wa Zanzibar alikuwa nani siku ile? Alikuwa yeye, na waliokufa walikuwa raia wake.

Baada ya hapo ukaja Muafaka wa Oktoba 2001, makubaliano ya CCM na CUF, alafu uchaguzi wa 2005 ambao Karume alitangazwa kwa asilimia 53 na CUF wakakataa kumtambua. Miaka minne mingine ya watu hawazikani. Mtu ambae hakuishi Zanzibar miaka ile hawezi kuelewa neno hilo lina uzito gani, kwa Muislamu kumuacha jirani yako azikwe na wewe umekaa barazani unaangalia jeneza linapita kwa sababu marehemu alikuwa chama kile. Kuna maduka ulikuwa huuziwi kitu. Ndoa zimevunjika. Harusi ilikuwa ukialikwa kwanza unauliza ni ya upande gani. Mazungumzo ya vyama nayo yakaenda wee mpaka yakakwama Butiama Machi 2008, halmashauri kuu ya CCM iliposema lazima kwanza wananchi waulizwe kwa kura ya maoni, na wengi tukaona ndo yamezikwa.

Ndo maana tarehe 5 Novemba 2009 watu hawakuamini. Maalim Seif, kiongozi wa CUF, kaingia Ikulu, wakakaa na Karume wao wenyewe, hakuna balozi wa kizungu katikati, hakuna Dodoma wala Butiama. Siku mbili baadae Maalim akasimama kwenye mkutano wa hadhara Kibandamaiti akawaambia watu wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa ni rais, na watu wake hao hao waliompenda kama roho zao wakapiga kelele za kukataa. Ilibidi awatulize. Ile ilikuwa gharama ya Maalim na sote tunaijua, anasifiwa kwayo mpaka leo na anastahiki.

Gharama ya Karume haizungumzwi, na ndo hapo nnapotaka tupaangalie vizuri. Ndani ya CCM Zanzibar kulikuwa na wazee na vijana wa "Mapinduzi daima" ambao kwao kukaa serikali moja na CUF ni sawa na kumrudisha Sultani kwa mlango wa nyuma. Angekuwa Salmin, angekuwa Bilal, angekuwa yeyote yule, angeambiwa kauza Mapinduzi na hoja ingefungwa siku hiyohiyo. Sasa mtoto wa Mzee Karume utamwambia nini? Utamwambia hayapendi Mapinduzi yaliyompa baba yake nchi na kisha yakamuua? Midomo ikawa mizito. Wakanuna, lakini wakapita.

Na kama unadhani natia chumvi angalia yaliyowapata wenzake alipoondoka kitini. Mansour Yussuf Himid, shemeji yake, na yeye pia mtoto wa mkubwa wa Mapinduzi, kavuliwa uanachama 2013. Mzee Hassan Nassor Moyo, muasisi kabisa, mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, kafukuzwa 2015 akiwa mtu mzima anatembea kwa fimbo. Hawa walisema yaleyale ambayo Karume aliyafanya akiwa Ikulu.

Kuna jambo mimi hulikumbuka sana kuhusu miezi ile, kwamba Unguja nzima ilikuwa kiza. Waya wa umeme wa kutoka bara uliharibika Disemba 2009 na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, majenereta yananguruma mjini, mashamba watu na vibatari, maji hakuna kwa sababu pampu hazifanyi kazi. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kusema si wakati wake huu. Lakini Januari 2010, katikati ya kiza hicho, Baraza la Wawakilishi likajadili na kupitisha hoja ya serikali ya umoja wa kitaifa, hoja iliyoletwa na Abubakar Khamis Bakary wa upinzani. Tarehe 31 Julai tukapiga kura ya maoni na asilimia 66 wakasema ndio. Lile sharti la Butiama lililowekwa kama kizuizi ndo likageuka kuwa mlango.

Alafu uchaguzi wa Oktoba mwaka huo. Dk. Shein wa CCM asilimia 50.1, Maalim asilimia 49.1. Kwa matokeo ya namna hiyo, mwaka 2000 au 2005, ungelala umevaa viatu. Safari hii Maalim kayakubali palepale Bwawani yalipotangazwa, watu wakaenda zao majumbani. Hakufa mtu. Karume akakabidhi nchi akaondoka.

Najua yalivyokuja kuharibika, Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, kafuta uchaguzi 2015, marudio ya Machi 2016, serikali ya umoja ikafa mpaka Disemba 2020 ilipofufuliwa chini ya Hussein Mwinyi, mtoto wa rais mwengine. Wapo wanaosema kwaiyo kazi ya Karume ilikuwa bure. Sikubali. Kile kifungu kilibaki kwenye katiba, kingekuwa hakipo 2020 wangeanzia wapi?

Ila kwa mtu nnaemheshimu namna hii nina dai moja na nalisema wazi. Mzee Moyo hatunae, Maalim Seif katangulia Februari 2021. Kati ya Karume na Maalim, anaejua kilichosemwa ndani ya chumba kile tarehe 5 Novemba 2009 kabaki Karume. Na anaejua nini kilifika mezani kwake usiku wa Januari 2001 ni yeye vilevile. Ayaseme akiwa hai, kwa kalamu au mbele ya maiki, lile la 2009 na lile la 2001 pamoja, kwa sababu Micheweni na Wete kule Pemba kuna watoto wa wale waliouliwa na wao sasa ni watu wazima wana watoto wao, na mpaka leo hakuna rais wa Zanzibar aliyekaa nao akawaambia baba zenu waliuliwa kwa amri ya nani.